Sura ya Sita: Mlima Huu Una Mwenyewe

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mti mmoja hupandwa mbele ya ofisi ya kata, mgeni rasmi hupewa kipaza sauti, na maneno huwa yaleyale: wazee wetu waliishi vizuri na mazingira, sisi ndio tuliokuja kuyaharibu. Ushahidi huchotwa kwenye hadithi. Si mnakumbuka milima ilikuwa na mizimu? Si chatu alikuwa hauawi? Si wanyama walikuwa wanaongea na watu? Wanafunzi hupiga makofi huku jua likiwachoma. Kisha, wakiwa njiani kurudi nyumbani, mmoja huuliza swali lenye uzito kuliko hotuba nzima: kama wazee walijua yote hayo, mbona Ufipa ni majani matupu?

Swali lina haki yake. Ukisimama Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, kusini mwa mji wa Sumbawanga, ukageuka upande wowote, macho hayakutani na msitu. Yanakutana na nyasi, mashamba, vilima vilivyo wazi, na mikaratusi iliyopandwa kando ya nyumba kwa ajili ya kuni na boriti. Uwanda huu wa juu, ndio Ufipa yenyewe, uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Msitu wa Mbizi upo, juu ya milima karibu na Sumbawanga, na miombo ipo kwenye miteremko na mabondeni. Katikati ni upepo.

Basi ama hadithi zinatudanganya, ama sisi tunazisikiliza vibaya. Mimi nasema tunazisikiliza vibaya. Tunazitafutia mapenzi ya mazingira, wakati zenyewe zinashughulika na jambo jingine kabisa: ardhi hii ni ya nani, nani mgeni hapa, na huyo mgeni atimize nini kabla hajashika jembe. Hadithi za Ufipa ni hati za makubaliano, ila hazikuandikwa kwa wino.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu maneno mawili. Fasihi simulizi ni sanaa ya maneno inayotoka mdomoni na kupokewa na sikio: hadithi, methali, vitendawili, nyimbo, maneno ya matambiko. Fasihi andishi ni ile iliyowekwa kwenye karatasi. Ufipa ina ya kwanza kwa wingi na ya pili kidogo mno. Baadaye tutaona hasara ya hali hiyo.

Mfalme aliyekwenda porini

Hadithi kubwa ya Ufipa inaanzia Milansi. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka juu, na ukoo wake ukatawala hapo. Siku moja wakatokea wanawake watatu, wageni kutoka mbali. Mfalme hakuwepo, alikuwa porini, mawindoni. Mke wake akawapokea, na mkubwa wa wale wanawake akakalishwa kwenye kigoda cha mfalme. Mfalme aliporudi alikuta kiti chake kina mtu.

Mtu aliyezoea hadithi za vita angetegemea damu hapa. Haimwagiki. Panapatikana makubaliano: wageni wachukue utawala wa nchi, lakini Milansi na mlima wake vibaki kwa wenyewe, na mkuu wa Milansi awe na sauti katika kusimikwa kwa watawala wapya. Wale wanawake ndio chimbuko la ukoo wa watawala uitwao Twa, ambao baadaye uligawanyika ukatoa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Ramani za leo bado zinalitunza jina la ufalme wa kwanza katika Wilaya ya Nkasi.

Hadithi hii ina matoleo mengi, na aliyeyashughulikia zaidi kwenye maandishi ni Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, yaani mtaalamu anayechunguza maisha ya watu kwa kukaa nao. Alifika Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akachapisha kitabu cha hadithi za Wafipa mwaka 1978 na kingine kuhusu historia ya falme zao mwaka 1981. Vyote viwili kwa Kiingereza, na vyote viwili ni vigumu kuvipata Sumbawanga kuliko Oxford.

Wako wanaoimalizia hadithi hii kwa kumlaumu mke: angekataa kukitoa kigoda, nchi isingechukuliwa. Huko ni kuisoma kwa uvivu. Tazama mambo yalivyopangwa. Mfalme anapoteza mamlaka akiwa porini, mahali ambapo ufalme wake hauna maana yoyote. Mbele ya mnyama yeye ni mwindaji kama mwindaji mwingine. Wageni wanapata kigoda, kitu ambacho binadamu amekichonga. Mlima, ambao hakuna aliyeuchonga, haugawiwi. Kwa hiyo hadithi inatenga mamlaka ya namna mbili: mamlaka juu ya watu, ambayo hupokonywa, hurithiwa na kuhamishwa, na mamlaka juu ya ardhi yenyewe, mvua yake na rutuba yake, ambayo hubaki kwa waliotangulia kufika. Anayetawala Wafipa wote bado anamhitaji mzee mmoja wa kijiji kidogo chenye mlima.

Utaratibu huu si wa Ufipa peke yake. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati unamkuta mtawala aliyetoka mbali na pembeni yake mwenye nchi ambaye hana askari hata mmoja, lakini bila yeye mbegu haibarikiwi. Milansi imeusimulia kwa uwazi usio wa kawaida. Ukiisikiliza hivyo, unaona kwamba mlima ndani ya hadithi si mandhari. Ni kifungu cha mkataba.

Chatu akifika mlangoni

Turudi kwa mizimu aliyoitaja mgeni rasmi. Mzimu wa nchi, kwa maana inayotumika hapa, si roho ya babu aliyefariki. Ni nguvu inayokaa mahali fulani: mlima, chanzo cha maji, jabali, kichaka. Una eneo lake na una mtu wake wa kuuhudumia. Huko Ufipa mizimu ya namna hii ilihusishwa na chatu. Chatu akionekana kijijini hakurushiwa mawe. Alipokewa kama mgeni mwenye cheo, na mhudumu wa mzimu akaitwa. Willis alivutiwa sana na jambo hili hata katika kitabu chake cha mwaka 1974 akamweka chatu wa Wafipa pamoja na ng'ombe wa Wanuer wa Sudan Kusini na kakakuona wa Walele wa Kongo, akauliza kwa nini kila jamii imemchagua mnyama wake.

Jibu langu ni la kienyeji zaidi kuliko lake. Chatu haheshimu mpaka wa kijiji na pori. Analala kwenye mapango ya mlima, anakunywa mtoni, anafuata panya ghalani. Kama mwenye mlima angetaka kukutumia mjumbe, mjumbe mwenye miguu minne angefukuzwa na mbwa.

Wamisionari Wakatoliki waitwao White Fathers waliingia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na katika kizazi kimoja au viwili Ufipa ikawa moja ya ngome za Ukatoliki nchini. Heshima ya chatu ilipungua. Jina la mzimu mmoja, hata hivyo, lilikua kuliko lilivyowahi kuwa. Katabi, mzimu wa mwindaji, husimuliwa kwamba anakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wako watu ambao bado hupeleka sadaka chini ya mti huo. Mwaka 1974 eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mwaka 2012 mkoa mzima uliomegwa kutoka Rukwa ukapewa jina hilohilo. Mzimu sasa una lango, ada ya kiingilio na askari wa wanyamapori. Makubaliano ya kale yalikuwa kati ya mzimu na watu walioishi karibu nao. Mapya ni kati ya serikali na mgeni mwenye tiketi. Sisemi mapya ni mabaya. Bila hayo huenda viboko wa mto Katuma wangekuwa wachache zaidi. Nasema tu kwamba mhusika wa hadithi amebaki na wahusika wenzake wameondolewa ukurasani.

Wala sidai kwamba miiko haikulinda chochote. Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anaeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mgumo, mti wa Mungu, na jinsi kijito alichochezea utotoni kilivyokuwa jirani na mti huo. Mti ulipokatwa, kijito kikakauka. Mizizi ilishika udongo na maji. Mwiko ulishika mizizi. Lakini angalia mwiko ulikuwa unalinda nini: mti mmoja, wenye mwenyewe anayejulikana. Kuni ziliokotwa kwingine.

Miti iliyoliwa na chuma

Hapa ndipo yule mwanafunzi wa swali anapostahili jibu la moja kwa moja. Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Walijenga matanuru ya udongo yenye kimo cha karibu mita tatu, yaitwayo ilungu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia mashimo ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa upya kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ilitumika. Baadhi ya matanuru marefu yalibaki yamesimama uwandani miaka mingi baada ya moto wa mwisho, mvua ikiyala taratibu. Kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ilipozimwa na majembe ya kiwandani yaliyoletwa kutoka ng'ambo.

Tanuru hula mkaa, na mkaa ni miti. Huwezi kuyeyusha mawe ya chuma kwa vizazi vingi halafu ukadai hukuugusa msitu. Moto wa kuchoma nyasi na mashamba ulifanya sehemu yake, na uwanda wa juu wenye upepo na baridi ya Juni hauoteshi miti kwa haraka. Kwa hiyo picha ya babu aliyetembea msituni bila kuvunja kijiti tuiweke kando. Babu alikuwa na shoka, na alilitengeneza mwenyewe.

Ila hakulitumia kimya kimya. Tanuru jipya lilijengwa kwa siku moja, likapambwa na kutajwa kama bibi harusi, na msimamizi wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa na miiko ya kufuata, ya chakula na ya ndoa. Kuchukua kitu kikubwa kutoka ardhini kuliambatana na maneno, nyimbo na masharti. Hiyo pia ni fasihi, na ilikuwa na kazi: kumkumbusha mhunzi kwamba anakopa.

Kilimo nacho kiliwabidi wabuni njia. Majirani wa miombo, upande wa Zambia hasa, walikata matawi, wakayarundika na kuyachoma, wakapanda kwenye majivu. Kwenye uwanda usio na matawi hilo haliwezekani. Wafipa, na Wamambwe wanaopakana nao, wakatumia kile kilichokuwepo, yaani nyasi. Mvua zikiwa zinaelekea ukingoni na udongo bado laini, mkulima aligeuza nyasi kwa jembe, akazifunika kwa udongo hadi zikawa tuta la mviringo. Kwa Kifipa matuta hayo ni intumba. Nyasi ziliozea ndani; maharage yakapandwa juu; msimu uliofuata tuta likabomolewa, udongo ukasambazwa, ulezi ukamwagwa. Ni mboji iliyotengenezwa shambani palepale. Afisa ugani wa leo angeiita kilimo hai na kuiandalia semina ya siku mbili yenye chai na maandazi.

Aliyekataa kuchimba

Hadithi za wanyama tunazidharau kwa sababu tumezisikia utotoni. Chukua moja inayojulikana kutoka pwani hadi Zambia, ambako Sungura huitwa Kalulu. Ukame umepiga. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa: ana kazi nyingine, mgongo unauma, yeye hunywa umande. Kisima kikijaa, anakuja usiku kuiba maji, na kila mlinzi anayewekwa anamdanganya, hadi Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kujilaza majini kama jiwe. Sungura anakanyaga, ananasa.

Mwalimu huuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" na darasa hujibu kwa pamoja, "Uvivu ni mbaya!" Sawa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maji ya kijiji atasikia jambo jingine. Nani ana haki ya maji ambayo hakuyachimbia? Mlinzi achaguliwe vipi? Kwa nini Simba mwenye meno alishindwa na Kobe mwenye subira akaweza? Na mwizi akishakamatwa, anyimwe maji kabisa au apewe adhabu kisha anywe? Wasimuliaji hutofautiana kwenye mwisho huo, na ndipo utamu ulipo: kila kijiji kinamaliza kesi kwa sheria zake.

Kwa kifupi, tulipofika:

- Mlima wa Milansi unaonyesha kwamba utawala wa watu na umiliki wa ardhi vinaweza kukaa kwa watu tofauti.
- Chatu na mkwaju vinaonyesha kwamba mahali fulani pana mwenyewe asiyeonekana, na aliye hai anayemsemea.
- Tanuru na tuta la nyasi vinaonyesha kwamba ardhi ilitumiwa sana, ila kwa masharti yaliyotamkwa.

Waliozaliwa na mahindi

Twende mbali kidogo, kwa sababu wako watu ng'ambo ya bahari ambao mjadala huu wameuandika wenyewe, kwa lugha zao. Wamaya wanaishi Guatemala, kusini mwa Meksiko na nchi jirani. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Kitabu chao maarufu cha kale, Popol Vuh, kiliandikwa katika karne ya 16 kwa lugha ya K'iche'. Humo miungu inajaribu kuumba watu kwa udongo. Wanalowana na kuporomoka. Inajaribu miti, wanatembea na kuongea lakini hawana moyo wala shukrani, na mwishowe mbwa wao, vyungu vyao na mawe yao ya kusagia vinawageukia na kuwapiga kwa mateso viliyoyapata. Watu wa kweli wanapatikana kwa unga wa mahindi.

Sehemu ya vyungu ndiyo inayonipendeza. Hata chombo cha jikoni kina madai yake. Tena hakuna mapenzi hapa. Ni deni linalodaiwa.

Waandishi Wamaya wa zama zetu wameendelea kutoka hapo. Humberto Ak'abal, mshairi wa K'iche' aliyezaliwa Momostenango mwaka 1952 na kufariki 2019, aliandika kwa lugha yake na kwa Kihispania, mashairi mafupi ya ndege, mawe na maji. Mengine aliyajenga kwa milio ya ndege wenyewe. Gaspar Pedro González aliandika riwaya kwa lugha ya Q'anjob'al. Briceida Cuevas Cob na Sol Ceh Moo wanaandika Kimaya cha Yucatán, Meksiko. Msomaji wa Ulaya hupenda kuwasifu kwa ukaribu wao na maumbile, kana kwamba wamekaa chini ya mti siku nzima. Wakati huohuo Guatemala ilikuwa vitani kutoka 1960 hadi 1996, na tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya. Ardhi ilikuwa kiini cha ugomvi. Ukiandika juu ya mlima katika nchi ya namna hiyo, unataja mali iliyobishaniwa kwa damu.

Ak'abal alilionyesha hilo kwa kitendo. Mwaka 2004 alikataa Tuzo ya Taifa ya Fasihi ya Guatemala kwa sababu imepewa jina la Miguel Ángel Asturias. Asturias alikuwa mwandishi mkubwa, mshindi wa Nobel ya Fasihi mwaka 1967, na riwaya yake ya 1949 kuhusu watu wa mahindi ilijengwa juu ya visasili vya Wamaya. Lakini akiwa kijana, mwaka 1923, aliandika tasnifu ya chuo iliyowadharau wenyeji haohao. Hadithi zao zilifaa, wao hawakufaa. Mtu wa Ufipa anayeona jina la mzimu kwenye bango la hifadhi anaweza kuelewa hasira ya Ak'abal bila kutafsiriwa.

Mzee wa Ukerewe na muswada wake

Je, kwetu hakuna aliyefanya kama Wamaya? Yupo, na alitangulia. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akakulia kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, akasomeshwa na wamisionari. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, nia yake ikiwa vijana wasije wakasahau jinsi waliowatangulia walivyoishi. Hakukuwa na mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Miaka ikapita. Mwishowe alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kitereza alifariki mwaka uliofuata.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa sentensi chache. Myombekere na Bugonoka hawapati mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anamfuata, analipa faini ya pombe, anamrudisha, wanatafuta mganga, mwishowe wanapata mvulana na msichana. Wasomaji wa mjini hulalamika kwamba kitabu kinakwenda polepole. Kinakwenda polepole kwa sababu kila jambo lina hatua zake, na Kitereza haruki hata moja. Ili faini ilipwe, ndizi zikatwe, ziivishwe, zikamuliwe, pombe ichachuke. Ili mgonjwa apone, mzizi fulani uchimbwe na uchemshwe kwa namna fulani. Samaki, ng'ombe, mvua, majani ya kuezekea, yote yanapita mikononi mwa watu. Ni vigumu kukuta mtu ametazama ziwa kwa sababu ni zuri. Analitazama kwa sababu kuna upepo na mtumbwi uko nje.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote vya Kiswahili kuhusu mazingira, na hakikuwahi kukusudia kuwa hivyo. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza na tafsiri yake ikatoka mwaka 2002. Tayari kulikuwa na ya Kijerumani. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kisiwa hichohicho mwaka 1944, alikwenda njia yake katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya fupi za mafumbo zinazoazima sana kwenye usimulizi wa kale. Kisiwa kimoja, waandishi watatu wa kiwango hicho. Sijui walikula samaki gani.

Ufipa haijapata Kitereza wake. Simulizi zake zilizochapishwa zimechapishwa na wageni, kwa lugha za wageni, na shukrani zetu kwao hazifuti kasoro hiyo. Shule zinafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, redio zinatangaza kwa Kiswahili. Kiswahili kimetupa taifa, na mimi naandika kwa lugha hiyo bila kujuta. Lakini mkulima wa Mwimbi aliyejua hatua zote za intumba alizijua kwa Kifipa au Kimambwe, hatua kwa hatua, pamoja na maneno ya kutamka. Kitabu chake kingeanzia huko.

Mahindi yasiyo na hadithi

Sasa tazama kituko cha historia. Zao la Wamaya limeiteka Ufipa. Ulezi, uliokuwa ugali na pombe ya wazee, umesogezwa pembeni, na Rukwa imekuwa miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini. Msimu wa mavuno malori yanapanga foleni Sumbawanga, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua hapo. Plau inayokokotwa na maksai inalima tambarare. Haina haja ya tuta la mviringo. Rutuba iliyotoka kwenye nyasi zilizooza sasa inatoka kwenye mfuko: DAP ya kupandia, urea ya kukuzia.

Mahindi yalikuja bila hadithi yake. Huko yalikotoka, mtu ametengenezwa kwa mahindi. Huku yana bei. Mazungumzo yake ni ya gunia la kilo mia na lumbesa, ya dalali aliyepiga simu na aliyezima simu, ya pembejeo zilizofika mvua zikiwa zimeshaanza. Na ukisikiliza vizuri, hayo nayo ni masharti: nani mwenye mbegu, nani mgeni, nani anapanga bei na kwa idhini ya nani. Makubaliano na ardhi hayajaisha. Yamehamia mezani kwa watu wasioujua mlima wowote kwa jina, na bado hayajapata msimuliaji aliyeyapa kigoda, mwindaji na mke wa kulaumiwa.

Anaweza kuwa ndiye yule mwanafunzi wa swali. Ana simu yenye kinasa sauti, kitu ambacho Kitereza hakuwa nacho.

Kama unataka kuanza kukusanya

Wasomaji huniuliza waanzie wapi. Anzia nyumbani, na ufanye hivi:

- Nenda kwa babu au bibi baada ya kazi za shamba kwisha, Julai au Agosti, wakati watu wana nafasi. Usiende na simu mkononi. Salimia, kaa, kisha uombe ruhusa ya kurekodi.
- Mwache asimulie kwa lugha anayoiota. Tafsiri itafuata.
- Hadithi ikitaja mlima, mto au mti, uliza ulipo na nani anausemea sasa. Ukiweza, mwende pamoja.
- Uliza toleo la jirani. Wakipingana, usiwapatanishe; andika yote mawili.
- Kuna maneno ya matambiko ambayo si ya kila sikio. Mzee akisema hapa zima, zima.
- Nakala moja impelekee msimuliaji au watoto wake, nyingine ibaki maktaba ya shule ya kijiji, ikiwa na tarehe, jina la kitongoji, na jina la msimuliaji ikiwa amekubali liandikwe.